Ang Lee hakuibukia jikoni

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Ang Lee, mwongozaji wa filamu kutoka Taiwan, imerudia kisa ambacho magazeti hayachoki kukisimulia: mwanamume amemaliza chuo New York, hana kazi, anakaa nyumbani miaka sita akipika na kulea watoto huku mkewe, mtafiti wa sayansi, akileta mshahara, mpaka siku moja mlango unafunguka. Kisa ni cha kweli. Ubaya wake ni kwamba kinaishia pale kazi inapoanzia. Kijana anayetaka kutengeneza filamu akikisoma, atatoka na somo la kusubiri na kupika.

Halafu mkaandika kwamba filamu yake ya Hulk ya mwaka 2003 ilikuwa "mafanikio makubwa" kwa sababu iliingiza dola milioni 245. Hapo ndipo nilipoona niandike, kwa kuwa maisha ya kazi ya mtu huyu hayasomeki bila kujua hesabu ya filamu inavyopigwa.

Fedha inayotangazwa kuwa mapato ni ya tiketi zilizokatwa dirishani. Mwenye jumba la sinema anabaki na takriban nusu. Msambazaji anakata ada yake pamoja na gharama za matangazo, ambazo haziingizwi kwenye bajeti mnayoisoma. Kinachobaki ndicho kinachomrudia aliyetoa mtaji. Ndiyo maana watu wa biashara hii hukadiria kwamba filamu lazima iingize mara mbili hadi mbili na nusu ya bajeti yake ndipo ianze kuhema. Hulk ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 137. Mara mbili tu ya hapo ni 274. Tena wiki ya pili Marekani mapato yake yaliporomoka kwa karibu asilimia 70, dalili kwamba waliotangulia kuiona waliwaambia wenzao wasihangaike.

Sasa turudi mwanzo tukiwa na kipimo hicho mkononi.

Lee alizaliwa mwaka 1954 Pingtung, kusini mwa Taiwan, baba yake akiwa mkuu wa shule. Katika nyumba ya mkuu wa shule, kijana akafeli mtihani wa kuingia chuo kikuu mara mbili. Akaenda chuo cha sanaa, jambo ambalo baba hakulifurahia, kisha Illinois kusomea tamthilia, kisha Chuo Kikuu cha New York kusomea filamu. Filamu yake ya kuhitimu ilipata tuzo chuoni hapo na kumpatia wakala. Kwa hiyo mwaka 1984 hakuwa mtu asiyejulikana aliyejificha jikoni. Alikuwa na wakala, alikuwa na mawazo, na alikuwa anaitwa kwenye vikao. Kilichomla miaka sita ni ugonjwa wa kawaida wa Hollywood: muswada unapendwa, unaombwa uandikwe upya, unaandikwa upya, unapendwa tena, na kamera haiwashwi. Wengi wanafia hapo wakiwa na makabati yaliyojaa miswada.

Mlango haukufunguka wenyewe. Mwaka 1990 ofisi ya habari ya serikali ya Taiwan iliendesha shindano la miswada. Lee alipeleka miwili, mmoja ukashika nafasi ya kwanza na mwingine ya pili. Hsu Li-kong, aliyekuwa kiongozi katika Central Motion Picture, shirika la filamu la Kuomintang, chama kilichotawala Taiwan wakati ule, akamkubalia mtaji wa kuupiga picha ule wa kwanza. Shirika hilo hilo ndilo lililowahi kuwapa nafasi vijana wa sinema mpya ya Taiwan mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwemo Edward Yang. Kwa maneno mengine, kulikuwa na serikali iliyoweka shindano na shirika lililokuwa na mazoea ya kuwaamini wageni wa kazi. Makala yenu haikuligusa hilo hata kwa sentensi moja.

Fedha za Taiwan zilikuwa kidogo, na hadithi ilitakiwa ipigwe New York, jiji ghali. Hapo wakaingia Ted Hope na James Schamus, waliokuwa ndio kwanza wameanzisha kampuni ya Good Machine na kujinadi kuwa mabingwa wa filamu zisizo na bajeti. Pushing Hands, iliyotoka 1991, inaonyesha jinsi umaskini wa fedha unavyoweza kuingizwa ndani ya hadithi yenyewe. Mzee wa Kichina, mwalimu wa taichi, anahamia kwa mwanawe Marekani. Mchana wanabaki nyumbani yeye na mkamwana Mzungu, na hakuna anayejua lugha ya mwenzake. Mwanzo wote wa filamu ni watu wawili ndani ya nyumba moja bila mazungumzo: mzee ananyoosha mikono polepole, mke anagonga kwenye kompyuta yake, kila mmoja akimkera mwenzake kwa kuwepo tu. Nyumba moja, watu wachache, lokesheni zisizohamahama. Ukitaka kujua fedha huenda wapi kwenye filamu, hesabu mara ambazo malori ya vifaa yanahama.

The Wedding Banquet ya 1993 ilifuata njia hiyo hiyo kwa dola milioni 1. Mtaiwani anayeishi New York na mpenzi wake wa kiume anafunga ndoa ya bandia na mpangaji wake kutoka Shanghai anayetafuta karatasi za ukaazi, ili wazazi watulie. Wazazi wakapanda ndege kuja harusini. Unaona kazi ya muswada: kila mtu ndani ya nyumba ana siri, kwa hiyo chumba kimoja kinatosha kuwa uwanja wa vita. Filamu ikaingiza takriban dola milioni 23.6 duniani na kutwaa tuzo ya Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Berlin, ikigawana na filamu ya Xie Fei wa China. Mwaka ule ule Jurassic Park ilivunja rekodi za fedha, lakini ukigawanya mapato kwa gharama, aliyefaidi zaidi ni yule wa dola milioni moja.

Jiko lenyewe, kama mnalitaka, lipo kwenye filamu ya tatu, Eat Drink Man Woman ya 1994, na limetumika kama kifaa cha kazi. Dakika za mwanzo ni mpishi mzee wa Taipei akiandaa chakula cha Jumapili kwa binti zake watatu. Anatoa samaki hai kwenye pipa la maji, anamkwangua magamba, anachanja minofu, anaipaka unga, anaitumbukiza kwenye mafuta yanayotokota. Anampuliza ndege shingoni mpaka ngozi inaachana na nyama. Mikono mnayoiona ikienda kasi vile kwenye picha za karibu ni ya wapishi wa kweli, maana kisu hakidanganyi. Mwigizaji akishika kisu kwa wasiwasi, mtazamaji anajua mara moja, hata kama hajui kwa nini. Kisha muswada unatoa kombora lake: mpishi huyu amepoteza uwezo wa kuonja. Karamu yote ile, na mwenyewe hajui ina chumvi kiasi gani. Sihung Lung, aliyeigiza mpishi huyo, ndiye baba katika filamu zote tatu, na kwa yeyote anayetaka kumwelewa mtoto wa mkuu wa shule aliyefeli mtihani, hapo ndipo pa kutazama.

Schamus, Mmarekani Myahudi asiyejua Kichina, alishiriki kuandika filamu hiyo. Amesimulia kwamba alikuwa akikwama kwa kujaribu kuandika kwa namna aliyodhani ni ya Kichina. Siku alipobadilisha majina yote kuwa ya Kiyahudi na kuandika kana kwamba ni familia yake, kisha akarudisha majina ya Kichina, wenzake wa Taiwan wakaona hapo sasa Uchina umepatikana. Mhariri wa picha, Tim Squyres, naye amekata karibu filamu zote za Lee, zikiwemo za Kichina, bila kuzungumza lugha hiyo. Watu hawa mnawaacha nje, halafu mnashangaa mtu mmoja aliwezaje yote.

Filamu hizo tatu ndizo zilizompeleka Uingereza kuongoza Sense and Sensibility ya 1995, riwaya ya Jane Austen iliyoandikiwa muswada na Emma Thompson. Huko alikutana na desturi iliyomshtua: waigizaji wakimtolea mawazo ya jinsi ya kupiga picha mbele ya watu wote. Taiwan mwongozaji haambiwi. Ilibidi ajifunze kwamba wazo la mwigizaji halimpokonyi kiti, na wao wakajifunza kwamba huyu bwana mpole atawapa kazi ya nyumbani ya kuandika kuhusu wahusika wao. Dola milioni 16 zikazaa 135. The Ice Storm ya 1997 ikasifiwa bila kujaza majumba. Ride with the Devil ya 1999, ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ikala dola milioni 38 na kuuza tiketi za chini ya dola milioni moja nchini humo. Kwa mwongozaji mwingine hapo ndipo mwisho.

Kilichomnusuru ni Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000, na namna ilivyogharamiwa ni somo kuliko mapanga yake. Hakuna studio iliyotoa kitita chote cha dola milioni 17 kwa filamu ya Kichina. Walichofanya ni kuuza haki za usambazaji nchi moja moja kabla ya kupiga picha, kisha wakachukua mikataba hiyo kama dhamana ya mkopo wa benki. Benki nayo haikopeshi hivi hivi. Inataka kampuni ya bima idhamini kwamba filamu itakamilika, na kampuni hiyo ina haki ya kuingilia ratiba ikichelewa. Hebu fikiria wasiwasi mwigizaji Michelle Yeoh alipopasuka kano ya goti wakati wa kupiga picha na kulazimika kwenda kufanyiwa upasuaji. Ratiba ikapanguliwa, picha za wengine zikatangulizwa. Waigizaji walining'inizwa kwa waya kutoka kwenye makreni juu ya msitu wa mianzi, na waya zikafutwa baadaye kwa kompyuta.

Kuna jambo moja wasomaji wa Kiswahili watalielewa haraka kuliko wengi. Chow Yun-fat ni wa Hong Kong, Yeoh wa Malaysia, Chang Chen wa Taiwan, Zhang Ziyi wa Beijing, na wote walitakiwa wazungumze Kimandarini cha watu wa kale. Yeoh alikariri maneno kwa sauti tu. Masikioni mwa Mchina ilikuwa kama filamu ya enzi za masultani ambamo bwana anasema Kimvita, bibi Kingwana cha Lubumbashi, na mlinzi Kiswahili cha mitaa ya Nairobi. Mtu wa Unguja ataguna. Mjerumani anayesoma maandishi ya chini hatajua lolote, atatazama mapanga. Ndivyo ilivyokuwa: China walinung'unika, na Marekani pekee filamu ikauza dola milioni 128, rekodi ya filamu ya lugha ya kigeni iliyosimama kwa zaidi ya miaka ishirini.

Baada ya Hulk, ambayo ndani yake Lee mwenyewe alivaa mavazi yenye vihisi na kuigiza mwendo wa lile jitu la kijani, alichoka akafikiria kuacha. Baba yake, yule aliyemtaka awe mwalimu, ndiye aliyemwambia aendelee, na muda mfupi baadaye akafariki. Kilichofuata ni Brokeback Mountain ya 2005, hadithi ya wachunga kondoo wawili wanaume waliopendana, iliyotokea Wyoming lakini ikapigwa Alberta, Kanada. Tazama amefanya nini: amerudi kwenye dola milioni 14, watu wachache, milima ambayo haidai posho. Zikaja milioni 178, na tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora, ya kwanza kwa mtu wa Asia.

Life of Pi ya 2012, hadithi ya kijana aliyepotea baharini ndani ya mashua pamoja na simbamarara, ndiyo filamu yake kubwa pekee ambayo hesabu ilikaa sawa: dola milioni 120 kuzaa 609. Muulizeni yeyote aliyewahi kupiga picha baharini atawaambia kwa nini watu huikwepa bahari. Mawimbi hayakungoji, mwanga unageuka, mashua ya kamera na mashua ya mwigizaji haziendi pamoja, na nusu ya siku inaishia kwenye kutapika. Lee akajenga tangi Taichung, kwenye uwanja wa ndege uliokuwa hautumiki tena, lenye urefu wa takriban mita 75 na upana wa mita 30, likibeba zaidi ya lita milioni 6 za maji, na mitambo ya kusukuma maji kutengeneza mawimbi. Tatizo la tangi lolote ni wimbi kugonga ukuta na kurudi. Maji yanachachamaa kama ndoo iliyobebwa na mtoto, na jicho linajua kwamba hii si bahari. Urefu wa tangi unalipa wimbi nafasi ya kuwa wimbi. Steven Callahan, aliyewahi kuelea siku 76 katika Atlantiki mwaka 1982, aliajiriwa awafundishe mtu wa mashuani anavyofanya kwa mikono yake. Suraj Sharma, kijana aliyepatikana katika usaili wa watu wapatao 3,000, hakuwa anajua kuogelea. Na kabla ya yote hayo Lee alitengeneza sehemu nzima ya baharini kwa katuni za kompyuta, picha kwa picha, ili studio iliyokuwa inasitasita ione kabla ya kulipa.

Simbamarara alikuwa wa kompyuta kwa sehemu kubwa, kazi ya kampuni ya Rhythm & Hues. Filamu ilipata Oscar nne, mojawapo ya picha hizo za kompyuta. Kampuni ilikuwa imeomba ulinzi wa mufilisi Februari 2013, chini ya wiki mbili kabla ya sherehe. Mafundi wenzao waliandamana nje ya ukumbi, na mwakilishi wao alipoanza kuyasema jukwaani muziki ukapigwa kumkatiza. Sababu yake ni mkataba wa bei isiyobadilika: kampuni inakubali kiasi kimoja kwa kazi yote, mwongozaji anaomba manyoya yalowe zaidi, mwanga uhame, mkia ugeuke, na kila marudio yanalipwa na mfuko wa fundi. Lee alipopokea tuzo yake aliishukuru Taiwan, mafundi hao hakuwataja. Ninazipenda kazi zake, lakini hilo ni doa na lisifunikwe.

Kisha yakaja mambo ya fremu 120. Filamu ya kawaida hupigwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Billy Lynn's Long Halftime Walk ya 2016 ilipigwa fremu 120, kwa macho mawili (yaani 3D), katika ubora wa 4K. Pigeni hesabu: fremu ni mara tano, macho mawili ni mara mbili, na 4K ina nukta mara nne ya 2K, ubora wa kawaida wa sinema. Jumla ni data mara 40. Kwa mlango ule ule wa kamera, kila fremu inapata moja ya tano ya mwanga, kwa hiyo taa ziongezwe, na miwani ya 3D inakula mwanga mwingine ukumbini. Lakini kilichoharibu zaidi ni jicho. Katika fremu 24 mkono unaopita huacha ukungu kidogo, na ukungu huo ndio tuliouzoea kama "sinema". Ukiondoa, poda usoni inaonekana ni poda, ukuta wa seti unaonekana ni mbao, na mwigizaji anayejifanya anaonekana anajifanya. Lee alilijua hilo na akawaondolea waigizaji wake vipodozi. Haikusaidia, kwa sababu majumba yaliyoweza kuonyesha filamu kwa ukamilifu wake yalikuwa matano duniani: New York, Los Angeles, Taipei, Beijing na Shanghai. Wengine wote waliona nakala iliyopunguzwa ya filamu iliyotengenezwa isipunguzwe. Bajeti milioni 40, mapato takriban 31. Akarudia na Gemini Man mwaka 2019, kwa milioni 138 zilizoleta 173. Kipimo chetu mnacho.

Masahihisho machache ya mwisho. Mmeandika ana Oscar tatu za uongozaji. Anazo mbili, za Brokeback Mountain na Life of Pi, na hakuna hata moja kati ya filamu hizo iliyopata ya filamu bora. Ya Crouching Tiger ilikuwa ya filamu bora ya lugha ya kigeni, na tuzo hiyo ilihesabiwa kuwa ya Taiwan. Dubu wa Dhahabu wa Berlin anao wawili, Simba wa Dhahabu wa Venice wawili.

Na jina. Kichina huanza na ukoo: yeye ni Li An, na Wazungu waligeuza. Kwa hiyo "Bwana Ang" mliyemwandika aya kumi na moja mfululizo ni Bwana Lee. Hana undugu na Bruce Lee, ingawa mwaka 2022 ilitangazwa kwamba anaandaa filamu kuhusu Bruce, na atakayemwigiza ni mwanawe mwenyewe, Mason, mmoja wa wale watoto wa miaka ya jikoni.

Msomaji wenu,
Morogoro